Kifurushi cha vipimo kabla ya usajili, Dodoma: picha nzuri, namba chache

Kwa mchezaji wa soka wa chuo ambaye hajawahi kukaa nje kwa jeraha kubwa, kifurushi hiki kinatosha. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti hakitoshi, na ubaya wake ni kwamba kinampa barua yenye mhuri inayomfanya aamini kimetosha.

Tunazungumzia "vipimo kabla ya usajili", huduma inayouzwa na kliniki za mazoezi tiba jijini Dodoma, hasa dirisha kubwa la usajili linapokaribia. Wateja wake wakubwa ni wanafunzi: vijana wa UDOM na vyuo vingine vya hapa waliong'ara kwenye mashindano ya vyuo, wana goti au enka yenye historia, na kuna timu imewaambia waje wafanye majaribio. Tuliyoipima ni ya kliniki moja binafsi ambayo jina lake tunaliacha, maana kasoro zake si zake peke yake. Ndani ya kifurushi kuna kuonana na daktari, eksirei ya sehemu iliyowahi kuumia, rufaa ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), saa moja ya fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba, kipimo cha umeme wa moyo, na barua ya majumuisho.

Kabla ya kukichambua, mnunuzi aelewe anayempelekea barua hiyo ana wasiwasi gani. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, ibara ya 18 kifungu cha 4, zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kuwekewa sharti la mchezaji kufaulu vipimo vya afya. Klabu ikishatia sahihi, imetia. Haiwezi kugeuka wiki inayofuata na kusema goti limeonekana bovu. Ndiyo maana mashaka yote hukusanywa kabla ya kalamu kushikwa, ndani ya siku chache, na daktari wa timu akikosa jibu, klabu haimkatai kijana. Inanyamaza tu, simu hazipokelewi, na dirisha linafungwa.

Wenye mfumo wa wazi zaidi wa jambo hili ni Wamarekani, kwenye mpira wao wa kofia ngumu. Wachezaji wa vyuo zaidi ya 300 huitwa Indianapolis kila mwaka kabla ya uchaguzi wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ambapo timu huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, na humo madaktari wa timu 32 huwavuta magoti, huwapiga eksirei, na huwakalisha kwenye mashine inayopima nguvu za paja. Ambaye jeraha lake halijatulia huitwa tena Aprili akaguliwe upya. Matokeo yake huonekana kwenye orodha ya majina. Todd Gurley alichanika ACL, kano ya katikati ya goti, Novemba 2014 na bado timu ya Rams ikamchukua akiwa wa 10 mwaka 2015. Marcus Lattimore, mchezaji wa nafasi ileile, aliumia goti moja 2011 na la pili 2012, safari hiyo kano kadhaa kwa mpigo. Akaangukia namba 131 mwaka 2013 na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NFL. Jaylon Smith aliumia goti Januari 1, 2016, na mbali na kano, mshipa wa fahamu unaoinua unyayo nao ulidhurika. Kijana aliyetajwa miongoni mwa wa kwanza kabisa akachukuliwa wa 34. Sidney Jones alichanika kano ya kisigino Machi 2017, akiwa kwenye mazoezi ya kujionyesha kwa maskauti, akashuka hadi 43.

Hizo ni hukumu tofauti kwa watu ambao wote tungewaita "majeruhi wa mguu". Madaktari waliuliza mambo matatu: ni kano ngapi zimeguswa, mshipa wa fahamu uko salama, na mguu unafanya kazi kwa kiwango gani leo. Kifurushi cha Dodoma kinajibu swali la kwanza vizuri, la pili hakiliulizi kabisa, na la tatu kinalijibu kwa namba isiyoaminika.

Tuanze na kinachofanyika vizuri. Daktari wa kliniki hii anachukua historia kwa utulivu: mwaka wa jeraha, aliumia akigongwa au akigeuka peke yake, goti lilijaa maji ndani ya saa ngapi, alirudi uwanjani lini. Swali la goti kujaa maji si la porojo. Goti linalovimba ndani ya saa mbili tatu baada ya kugeuka vibaya mara nyingi lina damu ndani, na ACL ndiyo mshukiwa wa kwanza. Linalovimba taratibu hadi kesho yake huelekeza zaidi kwenye meniskasi, ule mto ulio kati ya mifupa. Kisha anafanya kipimo cha Lachman inavyotakiwa: goti limekunjwa nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja umeshika paja, mwingine unavuta mfupa wa chini kuja mbele, na anaanza na mguu mzima ili ajue ulegevu wa kawaida wa mtu huyo. Wengi huruka hatua hiyo ya mwisho.

MRI haifanyiki klinikini. Mteja anapewa rufaa. Hapa jiji lina bahati, kwa sababu Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani na UDOM na ina mashine hiyo, kwa hiyo mwanafunzi halazimiki kupanda treni kwenda Dar kwa ajili ya picha peke yake. Hii ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote, na ndiyo wateja wanayoithamini kupita kiasi. MRI hupigwa mtu akiwa amelala, goti halibebi uzito wowote. Inaonyesha kama kano ipo, imekaa wapi, meniskasi imechanika au haijachanika, na kama mfupa bado una majimaji ya mshtuko. Haionyeshi kama mwenye goti anaweza kutua kutoka kwenye kona, akageuka na kukimbia. Aliyefanyiwa upasuaji zaidi ya mwaka mmoja uliopita na goti halivimbi, MRI mpya itamwongezea kidogo sana. Fedha hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye kupima nguvu.

Halafu kuna suala la CD. Kifurushi kinampa mteja filamu na karatasi ya majibu, basi. Daktari wa klabu makini hasomi majibu ya mwenzake na kuyaamini. Anataka kuona picha zenyewe, zote, kipande kwa kipande, na hizo hukaa kwenye CD au faili la kompyuta. Iombe siku ileile ya kipimo, kabla hujaondoka dirishani, kisha ijaribu kwenye kompyuta yoyote kama inafunguka. Kuirudia baada ya miezi mitatu ni kazi nyingine. Aliyepasuliwa aombe pia nakala ya maelezo ya upasuaji: kano ya kupandikiza ilitolewa wapi (chini ya kofia ya goti au nyuma ya paja), meniskasi ilishonwa au ilikatwa, na kwa kiasi gani. Meniskasi iliyokatwa sehemu kubwa humtia daktari wa klabu wasiwasi kuliko ACL iliyounganishwa vizuri, kwa kuwa anahesabu miaka ambayo goti hilo litadumu kabla ya kuanza kusagika.

Sasa saa ya fizio, mahali kifurushi kinapoanguka.

Nguvu ya misuli ya mbele ya paja inapimwa kwa dainamomita ya mkononi, kifaa kidogo chenye kioo kinachoonyesha nyutoni. Kifaa chenyewe hakina tatizo. Tatizo ni kwamba mpimaji anakishika kwa mkono mtupu. Mchezaji anakaa kwenye kitanda, anasukuma mguu mbele, mpimaji anazuia. Paja la mwanasoka lina nguvu kuliko mikono ya mtu yeyote aliyeinama, kwa hiyo mguu mzima unaishia pale mikono ya mpimaji inapochoka, na mguu dhaifu nao, kama una nguvu ya wastani, unaishia karibu na hapohapo. Karatasi inaandika asilimia 97. Hiyo ni asilimia ya mikono ya fizio, na haihusiani na goti la mteja.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji mashine ya mamilioni. Chukua mkanda mgumu usiovutika, kama ule wa kufungia mizigo, uuzungushe kwenye mguu wa kitanda na juu ya dainamomita iliyowekwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mchezaji akae wima, goti nyuzi 90, mikono imekunjwa kifuani, nyonga imefungwa isiinuke. Asukume kwa sekunde 5, apumzike dakika moja, arudie mara tatu, ichukuliwe namba ya juu. Kisha upimwe umbali kwa futi kamba kutoka kwenye mstari wa goti hadi pale kifaa kilipokaa. Nyutoni 520 mara mita 0.36 ni nyutoni-mita 187; kwa kijana wa kilo 68 hiyo ni 2.75 kwa kila kilo. Lengo linalotumiwa na wengi kwa mwanaume anayerudi uwanjani ni karibu 3. Hapo daktari wa klabu anapata namba ambayo haitegemei mguu wa pili.

Kutotegemea mguu wa pili kuna maana kubwa. Kipimo cha kuruka kwa mguu mmoja, ambacho kliniki hii inakifanya, kinalinganisha kulia na kushoto. Mguu mzima ukiruka sentimita 180 na ulioumia 158, ni asilimia 88, chini ya 90 inayotakiwa, na barua inapaswa kusema hivyo. Lakini mtu aliyekaa miezi minane bila kucheza hupoteza nguvu miguu yote miwili. Akiruka 140 na 132 anapata asilimia 94, "amefaulu", wakati ukweli ni kwamba miguu yote imedhoofika. Mbaya zaidi, kliniki inapima mruko mmoja wa mbele tu. Seti kamili ni minne: mruko mmoja, mitatu mfululizo, mitatu ya kukatisha mstari kushoto na kulia, na kuruka mita 6 huku muda ukipimwa kwa saa. Ule wa kukatisha mstari ndio unaoumbua goti lisiloaminika, maana mtu anaweza kuruka mbele kwa kutumia nyonga, ila kutua huku mwili ukivutwa pembeni hakuigizwi. Mpimaji arekodi pia kwa simu kutoka mbele: goti likiingia ndani wakati wa kutua, namba ya sentimita isimfurahishe mtu.

Kuna sababu ya kung'ang'ania hivyo. Utafiti uliofuatilia wagonjwa wa ACL jijini Oslo, uliochapishwa 2016, uliwagawa waliorudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka: waliorudi bila kutimiza vigezo vya nguvu na mirukio, asilimia 38.2 waliumia goti tena, waliotimiza, 5.6. Kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi kufikia wa tisa, ulipunguza hatari kwa takribani nusu. Klabu inayosoma namba hizo haina sababu ya kumpa mkataba wa miaka miwili kijana aliye mwezi wa sita tangu upasuaji, hata MRI yake ing'ae vipi.

Mshipa wa fahamu unachukua sekunde 30 na haupo kwenye fomu. Mchezaji avute unyayo na kidole gumba kuelekea juu dhidi ya mkono wa mpimaji, kisha aguswe kwa pamba juu ya unyayo na upande wa nje wa mguu. Aliyewahi kuumia upande wa nje wa goti na akawa anaburuza vidole anapotembea anahitaji mstari huo uandikwe, hata kama amepona, tena hasa kama amepona. Bila hiyo, daktari wa klabu akisoma "kano ya nje ya goti" atafikiria mabaya yote.

Enka imetendewa haki. Viwanja vya mazoezi vya Dodoma vingi ni udongo mgumu, kiangazi kinapokolea vinakuwa kama sakafu yenye kokoto juu yake, na vijana wa hapa wana enka zilizoteguka mara tatu nne bila daktari kuziona. Kliniki inapima kwa ukuta: kidole kikubwa mbali na ukuta, goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka, umbali unaandikwa kwa kila mguu. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi inahitaji kazi. Eksirei kwa kila enka ni kupoteza hela. Inahitajika pale mtu alipoumia asiweze kupiga hatua nne, au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa nyuma ya vifundo. Tunashukuru daktari aliyepo anafuata hivyo na hampeleki kila mtu kwenye mashine.

Misuli ya nyuma ya paja imepewa dakika mbili: lala, inua mguu, sawa, inatosha. Haitoshi. Hilo ndilo jeraha la misuli linalojirudia zaidi kwenye soka, na hujirudia mapema baada ya mtu kurudi, yaani katikati ya majaribio ya wiki mbili, mbele ya kocha. Kinachotakiwa ni kumkimbiza. Mita 30 kwa kasi ya juu, mara sita, kwenye nyasi, apumzike vya kutosha kati ya mbio. Na kwa upepo wa Dodoma, nusu ya mbio ziende na nusu zirudi, vinginevyo unapima upepo. Asiyeweza kurudia kasi yake ya kwanza kwenye mbio ya sita, au anayefupisha hatua, hajapona hata kama kitandani haumwi.

Kipimo cha umeme wa moyo kinafanyika sawasawa. Tungeongeza siko seli: Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, kipimo hakina gharama kubwa, na mwenye chembe za kurithi upande mmoja tu huweza kucheza soka maisha yake yote ilimradi wanaomfundisha wajue wasimkimbize hadi azimie kwenye jua la Novemba.

Barua sasa. Inasema "yuko fiti kwa michezo." Sentensi hiyo humtia daktari wa klabu shaka, kwa sababu aliyeandika hajasema alipima nini. Barua inayosaidia ina tarehe ya jeraha, tarehe ya upasuaji, jina la operesheni, namba za nguvu kwa kila mguu na njia iliyotumika kuzipata, mirukio yote minne (mitatu kwa sentimita, ule wa mita 6 kwa sekunde), mzunguko wa paja sentimita 15 juu ya kofia ya goti, na wiki ngapi mchezaji amefanya mazoezi kamili na timu bila goti kuvimba. Mapungufu yaandikwe pia. Asilimia 88 iliyoandikwa wazi, pamoja na mpango wa wiki nane, ina nafasi nzuri zaidi kuliko "fiti" isiyo na kitu nyuma yake. Kuficha upasuaji ndiyo mbinu mbovu kuliko zote: kovu liko pale, na daktari ataliona kijana akivua bukta.

Pia kifurushi kinauzwa kama kipimo cha siku moja, wakati kijana aliyepasuliwa anahitaji viwili. Wamarekani wana Aprili yao. Hapa hakuna anayekuita tena, kwa hiyo jiwekee mwenyewe. Pima mwezi wa saba baada ya upasuaji, chukua orodha ya udhaifu, fanyia kazi, rudi mwezi wa tisa kwa mpimaji yuleyule na kifaa kilekile. Mistari miwili inayopanda inaeleza zaidi ya mmoja uliosimama. Hesabu ya kalenda ni hii: aliyepasuliwa mwishoni mwa Oktoba anatimiza miezi tisa mwishoni mwa Julai, anaingia dirisha kubwa kwa shida lakini anaingia. Aliyepasuliwa Januari alenge dirisha dogo la katikati ya msimu, na meneja anayemwambia aende Julai anatafuta asilimia yake tu.

Tumeulizwa kuhusu wakandaji wa mtaani, ambao bei yao ni ndogo na foleni yao ni ndefu. Misuli iliyokaza baada ya mechi, sawa. Goti lililojaa maji lisikandwe na mtu yeyote, awe na cheti au asiwe nacho, mpaka ijulikane ndani kuna nini.

Ukiamua kununua kifurushi hiki, piga simu kwanza uulize mambo mawili: dainamomita inafungwa kwa mkanda? Mnapima mirukio mingapi? Jibu likiwa "mkono" na "mmoja", omba uuziwe daktari, moyo na eksirei peke yake, kisha saa ya fizio uitafute kwingine au uende na mkanda wako mwenyewe. Siku ya kipimo vaa viatu unavyochezea, usifanye mazoezi mazito saa 48 kabla, na miadi iwe ya asubuhi. Mirukio inafanyika uani kwenye zege, na saa nane mchana zege hilo halikanyagiki.